Mume anataka Passo, mimi nataka vespa, shemeji anatuletea skuta ya umeme

BARUA

Shikamoo Anko,

Nimekusoma siku nyingi ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia, na nakuomba usinicheke.

Nina miaka 34, nimeolewa, tuna binti mmoja wa miaka sita. Tunaishi Kimara Suka. Ukishuka kituoni unaingia barabara ya Golani, ndani kabisa, huko ambako bodaboda akikuona saa mbili usiku anapandisha bei kabla hujafungua mdomo. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta. Mume wangu ni mwalimu Kibaha. Asubuhi tunatoka pamoja mpaka barabara kubwa, yeye anaelekea juu, mimi naelekea mjini.

Kutoka nyumbani mpaka Kimara Mwisho ni bodaboda, shilingi 2,000. Kurudi 2,000, na mvua ikinyesha 3,000 bila majadiliano. Pale Kimara napanda basi la mwendokasi. Nauli yake naimudu, na nikishaingia ndani najua nitafika. Shida ni kuingia. Anko, kuna asubuhi napitwa na mabasi matatu nikiwa nimesimama na viatu vya ofisi mkononi.

Sasa nyumbani kwetu huu ni mwezi wa pili tunabishana. Mume wangu amepata Passo, namba D, mwenyewe anataka milioni 8 na nusu. Tuna milioni 2 na laki 7 niliyoivuna kwenye kikoba, iliyobaki anataka akope SACCOS. Anasema ni gari dogo, linakula mafuta kidogo, mtoto hatanyeshewa, na mama yake akija kutoka Singida hatutampandisha bodaboda na begi kichwani. Nitaliendesha mimi, yeye ataendelea na daladala zake za Kibaha.

Mimi nataka vespa. Nimezaliwa Unguja, Jang'ombe. Mama yangu alikwenda kazini na vespa mpaka anastaafu, na baibui lake, kikapu mbele, na mimi nyuma nimemkumbatia. Kule mwanamke akipita na vespa hakuna anayegeuza shingo. Najua kuendesha tangu nikiwa sekondari. Nilipomwambia mume wangu kwanza alicheka, halafu alikasirika. Akasema mke wake hawezi kwenda kugombania njia na malori ya Morogoro Road. Mama mkwe naye alipopigiwa simu akasema pikipiki ni pikipiki tu, hata ukiipaka rangi ya waridi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko Hamburg, Ujerumani. Anakuja Desemba. Anasema tuache kelele, atatuletea skuta ya umeme, zile za kusimama unashika usukani. Yeye huenda nayo kila siku mpaka kituo cha treni, anaikunja, anapanda nayo. Eti inaenda kilomita 30 kwa chaji moja, na umeme ni bei rahisi kuliko petroli.

Na jirani yetu naye hakukosa la kusema: nunueni bajaji, asubuhi ikupeleke Kimara, mchana mpe kijana alete hesabu, jioni ikufuate. Itajilipa yenyewe.

Anko, nimechoka kusikiliza. Niambie ukweli: kuna chombo kidogo ambacho mtu anaweza kutembelea Dar hii bila kufa na bila kufilisika? Au nibaki nilivyo?

Mama Nasra, Kimara

JIBU

Marahaba Mama Nasra. Sikucheki. Wanaoniandikia mimi kuhusu ndoa ni wengi, na nikichimba nakuta nusu ya ugomvi wao ni wa usafiri: nani kachelewa, nani kamwacha nani kituoni.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Hiyo hela ya kikoba nunua chombo cha magurudumu mawili, lakini usiende nacho Posta. Kiishie Kimara. Mwendokasi uendelee kuwa mwendokasi wako. Passo iache mpaka muweze kuinunua bila SACCOS. Bajaji ya jirani, hapana. Skuta ya shemeji, hapana pia, ingawa wazo lake ni zuri kuliko chombo chake, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na Passo, maana ndiyo inayotaka kukopewa.

Mumeo yuko sahihi kwamba ni gari dogo. Injini yake ya cc 996 haina makuu, vipuri vimejaa Kariakoo, kila fundi wa uswahilini anaijua, na ukifika mjini unaiingiza kwenye upenyo ambao mwenye Prado anaupita akiutamani. Lakini udogo huo unaonekana kwenye maegesho na kwenye kituo cha mafuta. Kwenye foleni haupo. Pale mataa ya Magomeni, Passo yenye mtu mmoja ndani inachukua njia nzima sawasawa na Land Cruiser yenye mtu mmoja ndani. Haipenyi, haichepuki, inangoja zamu yake. Watu wengi wananunua gari dogo wakidhani wamenunua njia ya kuikwepa foleni, kumbe wamenunua kiti cha kuingojea wakiwa wamekaa. Kiti nacho kina raha yake, sikatai. Chenye redio na kiyoyozi kinamfaa mtu aliyepitwa na mabasi matatu. Ila mabasi hayo hayo yatakupita tena, safari hii wewe uko pembeni kwenye gari lako na yenyewe yana barabara yake katikati.

Hesabu sasa, wewe ni mhasibu utanirekebisha. Kutoka kwenu mpaka Posta tuseme ni kilomita 22, kwenda na kurudi 44. Kwa siku 22 za kazi ni karibu kilomita 970 kwa mwezi. Gari la aina hiyo kwenye barabara tupu linaweza kukupa kilomita 17 au 18 kwa lita. Kwenye foleni, kiyoyozi kinavuma, usihesabu zaidi ya 12. Hizo ni lita 80. EWURA hubadilisha bei kila mwezi, lakini tukiweka shilingi 3,000 kwa lita unapata 240,000 za mafuta peke yake. Hapo hujaegesha: mjini kuna ushuru wa maegesho unaohesabiwa kwa saa, na wewe ni mtu wa kukaa ofisini kutwa. Hujaweka bima, hujabadilisha oili, hujakata kitu SACCOS.

Leo unatumia kiasi gani? Bodaboda 4,000 kwa siku ni 88,000 kwa mwezi. Mwendokasi, hata tukikuzidishia tukaweka 1,000 kila upande, ni 44,000. Jumla 132,000. Kwa hiyo Passo itakula karibu mara mbili ya hiyo kabla ya deni, na itakufikisha ofisini ukiwa umechelewa kuliko leo. Ni ghali kwa kitu kinachokufanya uchelewe.

Halafu kuna namba D. Hilo gari limeshakula vumbi la Dar miaka kadhaa, na huko Japani lilishatumika kabla ya hapo. Barabara ya Golani, kama ndiyo ileile ninayoijua mimi, yenye makorongo ya mvua na mawe yaliyochomoza, haina urafiki na gari lililo chini. Mtakuwa mnabadilisha bushi na shokapu hadi fundi awaite ndugu. Siku ikiwa lazima mlinunue, nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji, mkalijaribu kwenye barabara hiyohiyo yenye mashimo, msilijaribu kwenye lami ya Mlimani City.

Bajaji ya jirani. Nimeshaona familia zenye bajaji yao binafsi na inawafaa: ina paa, ina turubai la pembeni, inabeba mama mkwe na begi lake. Lakini jirani hakukushauri bajaji ya familia. Amekushauri bajaji ya biashara inayojifanya ya familia. Kijana wa hesabu anataka kuondoka alfajiri, saa za abiria, na wewe unaitaka alfajiri hiyohiyo. Jioni abiria wamejaa, wewe umesimama Kimara unapiga simu haipokelewi. Na mchana akigonga au akikamatwa, kadi ina jina lako. Biashara ya bajaji ni halali na inalisha watu wengi, ila ifanywe kama biashara, na bajaji isiwe ndiyo usafiri wako.

Tuje kwa shemeji wa Hamburg. Mshukuru kwanza, maana moyo anao. Kisha muulize swali moja: hiyo betri ataipandishaje ndege? Kanuni za usalama wa anga zinakataa betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kwenye mizigo ya abiria, iwe mkononi au kwenye begi la chini, na skuta nyingi za aina hiyo zina 250 au zaidi. Ataacha betri uwanjani Hamburg, au ataacha skuta nzima.

Tuseme imefika kwa meli. Magurudumu yake mengi ni ya inchi 8 na nusu, tena membamba. Kwenye lami laini ya Ulaya yanateleza vizuri. Ujerumani walizihalalisha Juni 2019, wakaziwekea mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, na wakaagiza zipite njia za baiskeli. Wewe njia ya baiskeli ya Golani iko wapi? Gurudumu la inchi nane na nusu likiingia kwenye shimo la kina cha ngumi halitoki, linasimama hapohapo, na aliyesimama juu yake anaendelea na safari peke yake. Kwenye mchanga linazama. Kwenye udongo mwekundu wa Kimara uliolowa, sitaki hata kufikiria. Na hao walioanza nazo zimewashinda pia sehemu nyingine: Paris wananchi walipiga kura Aprili 2023 kuzikataa skuta za kukodi, na kufikia Septemba mwaka huo zikaondolewa mitaani. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache sana, hilo niliseme, lakini waliojitokeza walikuwa wamechoka kuzikwepa njiani.

Ila sikiliza anachokifanya shemeji. Haendi nayo kazini moja kwa moja. Anaenda nayo mpaka kwenye treni. Kipande kirefu amekiachia chombo kikubwa chenye njia yake, kipande kifupi ndicho amekipa chombo kidogo. Hapo amepatia kabisa, na ndilo jambo ambalo nyumbani kwenu wote mmelipita. Mnabishana chombo gani kitakutoa Golani mpaka Posta. Kutoka Kimara mpaka Kivukoni tayari kuna barabara iliyotengwa tangu 2016, na pamoja na kero zake zote za msongamano, basi likiondoka linaondoka. Kinachokukosesha raha na pesa ni zile kilomita kama sita za mwanzo, kutoka kwenu mpaka Kimara Mwisho. Nunua chombo cha kilomita sita.

Kwa kilomita sita, vespa au pikipiki ndogo inatosha. Lakini hapa nami nina neno na wewe, maana na wewe una njozi yako ya Jang'ombe.

Unguja mjini ni tambarare, na barabara nyingi ulizopita na mama yako zina lami. Kimara ni vilima na makorongo. Vespa, tangu Waitaliano wa Piaggio walipoitoa 1946, imejengwa kwa gurudumu dogo: inchi 8 hapo zamani, inchi 10 kwa nyingi za baadaye. Ni raha mjini, unakaa umenyooka, miguu imetulia kwenye sakafu, baibui au sketi haina mnyororo wa kuingia, na kwa za siku hizi gia inajibadilisha yenyewe. Tatizo ni lilelile la skuta ya shemeji, ila kwa kiasi kidogo zaidi: gurudumu likiwa dogo, kila shimo linakuwa kubwa. Boxer wa kijiweni kwenu ana gurudumu la inchi 17, ndiyo maana anapita Golani kama hakuna kitu, ingawa kumpanda kwa sketi ni vita na ana klachi ya kukamata kila unapobadilisha gia.

Kuna kitu cha katikati. Wajapani wa Honda walikitoa 1958, wakakiita Super Cub, na kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100; hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi huo. Hakina tangi katikati ya mapaja, unapitisha mguu mbele ya kiti kama kwenye baiskeli ya kike. Mnyororo una kifuniko. Gia unakanyaga lakini klachi ya mkono hakuna. Na gurudumu ni la inchi 17. Zipo pikipiki za umbo hilo za kampuni mbalimbali, cc 110 hivi. Hazijazagaa kama Boxer lakini ukizunguka maduka ya pikipiki Kariakoo ukieleza umbo unalotaka, watakuelewa. Ukikosa kabisa, chukua skuta ya kawaida, ila pima gurudumu la mbele: inchi 12 kwenda juu. Chini ya hapo muachie mtu wa Masaki.

Kama unawaza kuleta vespa ya nyumbani kutoka Unguja, usiipandishe melini kabla hujaongea na TRA. Usajili wa huko na wa huku ni vitu viwili, na kodi inayodaiwa ukiihamishia bara inaweza kufuta unafuu wote ulioupata kwa bei.

Sasa usishangae nikikuambia jambo ambalo muuza pikipiki hatakuambia. Hutaokoa pesa ya maana. Kilomita 12 kwa siku, pikipiki inayokupa 40 kwa lita, ni lita saba kwa mwezi, shilingi 21,000. Mwendokasi 44,000. Mlinzi wa kuilinda Kimara tuseme 30,000. Jumla 95,000. Umeokoa kama 37,000 kwa mwezi, na humo utoe bima, oili na tairi. Hela yako ya kikoba haitarudi kwa mtindo huo kabla Nasra hajamaliza shule ya msingi. Ukitaka kuokoa pesa tu, fanya wanavyofanya wenzako: shika bodaboda mmoja mwaminifu, mpe bei ya mwezi, lipa mwisho wa mwezi. Wengi wanakubali, kwao ni uhakika.

Unanunua pikipiki kwa sababu nyingine. Kutoka saa unayotaka wewe. Kutobishana na mtu usiku. Jumamosi kwenda sokoni na kurudi na kikapu bila kulipa mara mbili. Kufika kliniki, kufika kikao cha wazazi. Safari fupi fupi za ndani ya Kimara ndizo zinazokula mama wa nyumba yenye mtoto, na huko ndiko chombo kidogo kinaposhinda gari, daladala na miguu, vyote kwa pamoja. Kwa mizani hiyo hela ya kikoba itakuwa imefanya kazi. Na hudaiwi na mtu.

Mumeo alipotaja malori hakuwa anakudharau. Barabara ile kuanzia Kimara kwenda Kibaha ni ya njia nane sasa, na upana wake umewapa watu mwendo. Yanapita malori ya Zambia, ya Kongo, ya Rwanda, na mabasi ya mikoani yanayotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Dereva wa trela aliyekaa juu kule hamuoni mtu wa pikipiki aliye ubavuni karibu na tairi la mbele. Kwa hiyo kipande cha kutoka Suka mpaka Kimara Mwisho usikipitie katikati. Kama kuna njia ya ndani ya kutokea Kimara itafute, hata kama ina mashimo na inakuongezea dakika kumi. Shimo linakuangusha kwa mwendo wa kilomita 15, lori halina mwendo wa namna hiyo. Ikibidi kuingia barabara kubwa, kaa kushoto kabisa na uwe na subira. Kuanzia Kimara kushuka Ubungo usifike na pikipiki asubuhi. Njia ya mwendokasi ni marufuku kwako, na zilizobaki zimejaa bodaboda wanaopenya kwa ustadi ambao wewe huna na mimi sikuombei uupate.

Ukitaka mumeo akusikilize, mpelekee masharti, usimpelekee kilio. Leseni kwanza: kama ulijifunzia Unguja miaka hiyo, rudi shule ya udereva, ufanye majaribio ya trafiki, uwe na leseni ya pikipiki kihalali kabla hujanunua. La pili, kofia ngumu: ile ya plastiki ya elfu kumi na tano inayouzwa barabarani ni ya kumridhisha askari tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008 ulionyesha kofia inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ukitaka kujua asilimia hizo zina sura gani, muulize muuguzi yeyote wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Tafuta kofia yenye alama ya herufi E ndani ya duara na namba pembeni, hiyo imepimwa kwa kiwango cha Umoja wa Mataifa. Na hapo ndipo shemeji anapoingia: mwambie hiyo hela ya skuta aigeuze kofia mbili nzuri. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwani juu kidogo ya nyusi, mtumie sentimita. Kofia haina betri, inapanda ndege bila maneno. Ukivaa hijabu, pima ukiwa umeivaa, na uchague kitambaa chepesi kisichoteleza.

Sharti la tatu ni mtoto. Nasra abaki kwenye gari la shule. Kama miguu yake haifiki kwenye vikanyagio na kofia ya mtu mzima inamzunguka kichwani, si abiria wa pikipiki bado. Najua wewe ulikaa nyuma ya mama yako. Ulikaa Jang'ombe, hukukaa Morogoro Road.

La nne, mvua. Masika ikianza, kati ya Machi na Mei, utakuwa na siku pikipiki inalala nyumbani na unapanda bodaboda kama zamani. Usiione kama hasara. Chombo kinanunuliwa kwa ajili ya siku nyingi za mwaka, hakinunuliwi kwa ajili ya asubuhi kumi mbaya. Ndilo kosa la hoja ya Passo, inanunuliwa kwa ajili ya mvua na mama mkwe. Mama mkwe anakuja mara ngapi kwa mwaka? Mchukulieni gari la kukodi kutoka stendi mpaka mlangoni, apokewe kama malkia, itawagharimu chini ya marejesho ya mwezi mmoja. Na mvua ile kubwa ya kufunga Jangwani, hiyo inamfungia kila mtu, mwenye Passo, mwenye pikipiki na mwendokasi wenyewe.

Mambo madogo ya mwisho. Pikipiki ilale ndani ya geti, si barazani, na ifungwe mnyororo kwenye kitu kisichong'oka. Pale Kimara usiiache kijiweni kwa ahadi ya mdomo. Tafuta eneo la mtu lenye uzio na mlinzi, mwandikishiane namba na saa. Kata bima kubwa mwaka wa kwanza, maana wezi wanapenda pikipiki mpya. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, usiogope maneno ya vijiweni kwamba inarusha mtu, ila kwenye mchanga na matope iguse taratibu. Jumapili mbili tatu asubuhi, kabla watu hawajaamka, fanya mazoezi kwenye barabara yenu ukiwa peke yako, kisha mumeo akiwa nyuma. Akikaa nyuma yako mwenyewe ataacha kubisha au atabisha kwa hoja mpya, vyote ni maendeleo.

Pikipiki za umeme zisikutoe macho kwa sasa. Kigali tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria, na kule dereva anabadilisha betri kituoni kwa muda mfupi tu. Siku kituo cha namba hiyo kikiwa karibu na geti lako, uza ya petroli ununue ya umeme. Kabla ya hapo utakuwa unasukuma.

Passo nayo muiwekee ndoo yake kikobani, laki moja moja. Mkipata mtoto wa pili, hapo hesabu yangu inabadilika kabisa: mtoto mchanga, wa darasa la kwanza na begi la nepi havipandi Cub, na mimi nitakuwa upande wa mumeo.